Mke Wako Umemwacha?

Rotenfuti, Udachi
8 Mfunguo Mosi 1328

Mke wangu Mwanahalima, uliyeko Kanoni kwa kaka yako Ramadhani,

Nimefika, mzima wote isipokuwa miguu. Mji huu wameujenga ndani ya bonde, milima imeubana pande zote, na mto unapita katikati. Badala ya kukaa chini penye nafasi, wamepandanisha nyumba moja juu ya nyingine mpaka kwenye ngome ya mfalme wao wa zamani. Mtaa si mtaa, ni ngazi. Ukitaka mkate, ngazi. Ukitaka fundi viatu, ngazi, na ukishazipanda kweli unamhitaji fundi viatu. Nami nilidhani vilima vya Karagwe vimenifundisha kupanda!

Kazi yangu ni kusema. Haya, cheka. Wewe uliyekuwa ukiniambia ninyamaze watu walale, ujue yuko mtu anayenilipa niseme. Profesa ananikalisha kitini, ananiambia sema "ng'ombe", nami nasema ng'ombe, naye ananichungulia kinywani kwa kioo kidogo kama mnunuzi wa mbuzi. Wanafunzi wake ni maofisa na mapadri watakaokuja huko kwetu, wanataka Kiswahili kabla ya kupanda meli.

Mji mzima unaishi kwa chuo hiki kikuu. Wapangishaji, waoka mikate, wauza kofia, wote wanakula kwa wanafunzi. Na wanafunzi wenyewe, Mungu anisamehe, wanakatana nyuso kwa panga makusudi, kisha mwenye kovu kubwa ndiye anayetazamwa na wasichana. Kibla nimekitafuta kwa jua, na jua lenyewe milima inalificha nusu ya siku. Ikawa Makka iko upande wa duka la nyama ya nguruwe, basi huko huko ndiko ninakoelekea nikiswali. Usimwambie Mwalimu Shehe.

Ni mwaka mmoja tu, kama nilivyokuahidi. Akizaliwa mwanamke, mwite Zuleha, jina la mama yangu.

Mumeo,
Gharib bin Saidi


Kanoni, Karagwe
27 Mfunguo Tatu 1328

Bwana wangu, shikamoo.

Barua yako yenye jina la mtoto imefika, na mtoto ameshatoka arobaini. Anaitwa Maua. Ni jina la mama yangu, naye mama yangu ndiye aliyekuwapo kunishika mgongo. Zuleha atakuwa wa pili, ukirudi.

Kaka Ramadhani ametupa chumba cha nyuma, karibu na magunia ya chumvi. Hatulali njaa. Senene wameanguka wengi mwaka huu, nimekukaangia wakati hupo, nikawala mwenyewe kwa hasira. Majirani Wanyambo wananiuliza, yule mnyamahanga wako amerudi kwao? Nawaambia si mgeni, kwao ni hapa, amezaliwa Nyakatuntu, kitovu chake kimezikwa mgombani. Wanaitikia kwa adabu, hawaamini.

Nakutumia kahawa ya kutafuna, nimeichemsha mwenyewe na majani yake, nikaikausha juani. Tafuna ukizipanda hizo ngazi zako. Uniambie na habari za wanawake wa huko, maana umenieleza wanaume na nyuso zao, wanawake umewaruka.

Mkeo,
Mwanahalima


Rotenfuti
3 Machi 1911

Mwanahalima wangu,

Theluji! Asubuhi nilifungua dirisha nikaona bonde zima jeupe, paa, ngome, daraja, hata kinyesi cha farasi kimevishwa kanzu. Nilisimama ngazini nikicheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akadhani nina homa. Mama huyu ana maua dirishani baridi yote, anayafunika kwa kitambaa usiku kama watu.

Sasa naujua mji. Najua ngazi ipi ina jiwe bovu, na mwoka mikate yupi anapunja. Najua kengele za kanisa la chini zinawahi, za kanisa la juu zinachelewa, na watu wa mitaa hiyo miwili hawaoani. Mwuza vitabu wa karibu na daraja ana paka wa jicho moja, anakaa juu ya kamusi. Nikipita, mwuza vitabu huyo ananivulia kofia. Anasema, "Hea Lekta!", maana yake Bwana Mwalimu. Fikiria. Mimi! Mwanzoni watoto walikuwa wanakuja kunifuta mkono waone kama rangi inatoka. Sasa wanangoja tu niwasalimu.

Kahawa yako ilifika. Nilimwonjesha Profesa, akatema, kisha akafurahi sana, akaitia iliyobaki ndani ya kabati la kioo pamoja na mikuki. Sikuweza kumkatalia. Wanawake wa huku ni kama wa kwetu, ila wana viatu.

Mumeo,
Gharib


Kanoni
15 Mfunguo Nane 1329

Bwana wangu, shikamoo.

Umeanza kuandika tarehe za Wazungu. Ilibidi nimwulize Mwalimu Shehe Machi ni mwezi gani.

Nimesoma kurasa zako zote sita. Namjua paka wa mwuza vitabu, namjua na jicho lake. Nazijua kengele. Nikiletwa huko leo nitaupanda mji wako bila kuuliza njia. Nimetafuta jina la mwanao katika kurasa sita, nimelikuta mara moja tu, nalo ni maua ya dirishani kwa mama mwenye nyumba.

Mwanao ana meno mawili. Alipata homa wakati wa mvua, akapona. Anakaa kwenye mkeka wa dukani akishika ndevu za wateja, na wateja wanapenda. Sasa nakuuliza jambo moja, unijibu hilo kabla ya theluji: mwaka wako unaisha Mfunguo Mosi. Unarudi?

Mkeo,
Mwanahalima


Rotenfuti
20 Julai 1911

Mwanahalima wangu,

Kurudi tutazungumza, usinibane. Kwanza nikuchekeshe. Mpe na kaka Ramadhani aisome hii barazani, wacheke wote.

Juzi somo letu lilikuwa juu ya kitenzi kimoja, "kuacha". Profesa anataka kila mwanafunzi aniulize swali, nami nijibu kwa maneno yaliyokamilika. Basi mmoja, kijana mwenye makovu mawili shavuni, ambaye mwezi ujao anapanda meli kuja Bukoba, akasimama wima kama mlingoti akaniuliza, "Bwana Gharib, mke wako umemwacha?" Nami nikasimama wima, nikamjibu kwa sauti kubwa, "Naam! Mke wangu Mwanahalima nimemwacha, na mtoto nimemwacha, na nyumba yangu nimeiacha." Darasa zima likaandika. Kisha Profesa akawataka warudie wote pamoja, wakapiga kelele kama watoto wa Kurani: "Mke wangu nimemwacha! Mke wangu nimemwacha!" Madirisha yalikuwa wazi, wafuaji nguo kule mtoni wakainua vichwa. Nilicheka mpaka machozi.

Sasa ni majira ya joto, bonde limejaa harufu ya majani makavu, na jioni wanafunzi wanaimba darajani. Ungeipenda.

Mumeo,
Gharib


Rotenfuti
6 Agosti 1911

Mke wangu,

Barua hii isome peke yako, haraka.

Leo nilikuwa napanda ngazi za kanisa la chini. Wanafunzi wawili wakaniona kwa mbali, wakanipungia mkono wakisema, "Mke wangu nimemwacha!", kama watu wengine wanavyosema habari za asubuhi. Hapo ndipo nilipolisikia. Wallahi, kabla ya hapo sikuwa nimelisikia. Mwaka mzima nasema na watu wasioijua lugha yangu, kumbe na mimi nimeanza kuisema kama wao. Niliketi pale pale kwenye jiwe, jasho likanitoka.

Na nimekwisha kukuandikia! Na nimesema isomwe barazani!

Sikukusudia. Unajua sikukusudia. Lakini ikiwa Mwalimu Shehe atasema neno lile ni talaka, basi isiwe na nguvu: mimi Gharib bin Saidi nimemrejea mke wangu Mwanahalima binti Juma, nimetamka kwa kinywa na nimeandika kwa mkono, eda haijaisha. Mwonyeshe Mwalimu maneno haya, mambo yaishe.

Jambo jingine dogo. Profesa ameniomba nibaki miaka miwili zaidi, kamusi yake haijakwisha, nami nimeshatia sahihi. Nilitaka kukueleza katika barua ile nyingine, nikaona kwanza ucheke.

Mumeo, mumeo,
Gharib


Kanoni
10 Mfunguo Mosi 1329

Kwa Bwana Gharib bin Saidi, shemeji yangu, kama bado neno hilo lina mahali,

Barua yako ya kuchekesha ilifika. Niliisoma barazani kama ulivyotaka, mbele ya watu wa sala ya alasiri. Walianza kucheka, na mimi mwenyewe nilicheka, mpaka nilipoona Mwalimu Shehe hacheki. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Mtu ameulizwa mke wako umemwacha, akajibu naam, akamtaja kwa jina, mbele ya watu. Mlitaka aseme nini zaidi?" Nikamwambia ni mzaha, Mwalimu, ni masomo ya Wazungu. Akanijibu kwamba katika talaka hakuna mzaha, na kwamba mtu anayeuza maneno angejua bei yake.

Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Hakulia. Alikuja akachukua kikombe changu, akaenda kukiosha.

Mwalimu amehukumu kuwa ni talaka moja, na kwa tahadhari ameanza kuhesabu eda tangu siku ile iliposomwa. Ukitaka kumrejea, leta neno kabla haijaisha. Nami sitakuficha, yupo Mbaruku wa Mabira, mnunuzi wa ngozi, mjane, amekwisha uliza kwa heshima. Nimemwambia bado.

Umetutia aibu, Gharib. Watoto wa Kanoni wanacheza mchezo wa mke wangu nimemwacha.

Ramadhani bin Juma


Kanoni
2 Mfunguo Tatu 1329

Gharib,

Sijui nikuamkie kama mume au kama mpita njia, basi nakwenda moja kwa moja.

Barua yako ya kunirejea ninayo. Mchukuzi wa Bukoba alinipa mkononi, kaka hakuiona, na eda haijaisha. Imo ndani ya kasha langu, chini ya kanga. Sijamwonyesha Mwalimu Shehe wala mtu yeyote.

Najua hukukusudia. Nilijua pale pale nyuma ya pazia, kabla Mwalimu hajafungua kinywa. Mume wangu ni mpumbavu wa furaha, si mtu wa kumwacha mke kwa barua. Ulipoandika umenirejea moyo ulinidunda, nikainuka nimkimbilie Mwalimu na karatasi mkononi. Kisha nikasoma jambo lako dogo. Miaka miwili! Umenirejea mimi, wewe mwenyewe hukurejea. Unanitaka niwe mkeo kama ile kahawa ilivyo kahawa ya Profesa, ndani ya kioo.

Na yule kijana wako mwenye makovu amefika. Alipita hapa akitafuta wapagazi. Kiswahili chake ni kizuri sana, nakupongeza, ni chako. Anavuta maneno mwishoni kama wewe, anasema "haya basi" kama wewe. Nilikuwa ndani nikimnyonyesha Maua, nikasikia sauti ya mume wangu ikisema, "Haya basi, mlaze chini. Chapa." Nikatoka mbio. Aliyelazwa ni mzee Katabaro, jirani yetu, aliyesema mwanawe mgonjwa hawezi mzigo. Walimchapa mbele ya duka mpaka nguo ikapasuka. Hao ndio wanaokuvulia kofia, Gharib. Wakifika huku wanazivaa.

Sikia sasa, nikueleze waziwazi usije ukasema hukujua. Eda ikiisha watanihesabu huru. Mbaruku ataleta posa, nami nitamwambia angoje mpaka kahawa ivunwe. Una miezi ya kutosha na meli zipo. Njoo. Simama barazani pale pale uliposomwa, useme mbele ya watu kwamba mimi ni mkeo, nami nitaitoa barua yako kashani iwe ushahidi. Usipokuja, sitaitoa.

Mwanahalima


Rotenfuti
11 Februari 1912

Mwanahalima,

Unanitisha? Mke anamwekea mumewe masharti? Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena.

Mbona karatasi ile inatosha! Mpelekee Mwalimu leo hii, ataona tarehe, mambo yatakwisha, Mbaruku atarudi kwenye ngozi zake. Nimetia sahihi, mke wangu. Nikiondoka sasa nauli ni juu yangu, na Profesa hatanisamehe. Tumefika herufi ya M.

Habari za mzee Katabaro zimeniuma mno. Nilikwenda kwa Profesa siku hiyo hiyo nikamweleza. Alisikiliza, akasikitika, kisha akaniuliza kama yule kijana alisema "chapa" au "chapeni", kwa kuwa askari walikuwa wengi. Nikamwambia sikuwepo. Akaandika.

Nitakwambia kweli, maana umenitaka kweli. Kule Bukoba nikikutana hata na karani wa bomani, kofia naivua mimi, na nikichelewa kuivua napigwa nayo. Hapa nina kiti changu dirishani katika nyumba ya kahawa, hakuna anayekikalia. Mto umeganda, watoto wanateleza juu yake, wananiita kwa jina niwatazame. Najua mji huu kuliko wengi waliozaliwa humu. Jumapili nilipanda mpaka ngomeni, nikatazama paa zote zile na moshi wake, nikaona, haya, hapa mimi ni mtu. Nikirudi Kanoni nitakuwa nani? Mnyamahanga wa dukani kwa shemeji yake, anayepima chumvi.

Nakupenda. Hilo usilitie shaka. Nivumilie mpaka kamusi iishe, na ile barua mwonyeshe Mwalimu, nakuomba. Mbusu Maua.

Mumeo,
Gharib


Mabira
9 Rajabu 1330

Bwana Gharib bin Saidi,

Barua yako ilifika kahawa ikiwa imeanza kuiva. Nilingoja hata hivyo. Niliona huenda umeandika vile kwa ukaidi, kisha ukapanda meli ukiwa nyuma ya barua yako, kama ulivyo na tabia ya kukasirika kwanza. Kila msafara uliotoka Bukoba nilitoka nje kuutazama. Nakwambia haya ili ujue sikukukomoa. Nilikutaka.

Kahawa ikavunwa, ikaanikwa. Nikaitoa karatasi yako kashani nikaitia chini ya chungu cha ndizi, ikaungua. Dhambi yake naijua, Mwalimu Shehe alinisomesha pamoja na wanaume, sihitaji mtu kunieleza mke wa mtu ni nani. Nitasimama nayo mwenyewe mbele ya Mungu. Nimelia kwa ajili yake kuliko nilivyolia kwa ajili yako.

Nimeolewa na Mbaruku. Ndoa aliifunga Mwalimu yule yule, na kaka Ramadhani alikuwa walii, wote hawajui lolote. Wewe ndiye unayejua. Ukitaka kuivunja unaweza, njoo useme. Mtoto naye ni wako kwa sheria, ukimtaka njoo umchukue. Naandika haya bila hofu, kwa sababu sasa nakufahamu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Maua anatembea. Anamwita Mbaruku baba. Sikumfundisha, na sikumkataza.

Mume niliye naye si msemaji. Maneno yake ya kutwa nzima hayajazi kikombe, ananuka ngozi, na hajapata kuona mji wowote kupita Bukoba. Jua likitua huingiza mbuzi, akahesabu, akaona wametimia, kisha hufunga mlango, naye yumo ndani.

Mwanahalima binti Juma